Kutafuta mgodi wa Mjerumani uliopotea: anza na makaratasi, jembe baadaye

Nenda wilaya yoyote ya Kanda ya Ziwa, Singida au Mbeya, ukae kijiweni nusu saa, utauziwa mgodi wa Mjerumani. Kilimani kuna shimo lililozibwa kwa zege. Kuna jiwe lenye mshale, au mbuyu uliopigiwa msumari. Na kuna mzee ambaye babu yake alibebeshwa masanduku usiku ule Mjerumani alipokimbia vita.

Mimi sizicheki hadithi hizi. Nimezifuata kwa miaka, na baadhi zimenifikisha kwenye mashimo ya kweli. Ila kila hadithi ya aina hii imefunga vitu viwili kwenye kanga moja: mgodi na hazina. Mgodi unaweza kuwepo, kwa sababu Wajerumani walichimba kweli, na Waingereza baada yao. Hazina ya masanduku ndiyo inayowafilisi watu. Mwongozo huu ni wa mgodi. Mwenye kutaka masanduku atapata hesabu moja hapa chini, kisha ataamua mwenyewe.

Kwanza, ipime hadithi kwa kitu kinachojulikana

Kabla hujafuata mgodi usiojulikana, jifunze mmoja unaojulikana vizuri. Mimi hutumia Sekenke, kule Iramba. Abiria wa mabasi ya Singida na Igunga wanaujua mlima huo kwa kona zake na malori yaliyoanguka. Dhahabu yake ilianza kuchimbwa wakati wa Wajerumani, miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza. Vita vilipokolea, meli za Uingereza zikafunga bahari na sarafu kutoka Ulaya zikakatika. Mwaka 1916 Wajerumani wakagonga sarafu zao wenyewe Tabora kwa dhahabu ya Sekenke: rupia 15, ndovu ameinua mkonga na mlima nyuma yake. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, kazi ikaisha.

Sasa hesabu. Zilitolewa sarafu 16,198. Kila moja ina gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ndiyo dhahabu. Ukizikusanya zote, hakuna hata moja iliyopotea, unapata kama kilo 116 za sarafu, na ndani yake kilo 87 za dhahabu safi. Ukiziyeyusha, hazijazi ndoo ya lita 10. Hiyo ndiyo sarafu yote ya dhahabu ambayo koloni zima lililozingirwa liliweza kuitoa. Kwa hiyo mtu akikuambia pangoni kwao kuna masanduku arobaini ya dhahabu, muulize ilichimbwa mgodi gani.

Mgodi ni jambo lingine. Huwezi kuubeba ukakimbia nao.

Pili, uliza maji, usiulize dhahabu

Ukifika kijijini ukauliza dhahabu iko wapi, utajibiwa kile unachotaka kusikia, tena kwa bei. Nilijifunza hili Iramba, kwa mzee aliyekuwa amekaa chini ya mti wa ukwaju akisuka kamba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na wewe umefuata dhahabu?"

"Nimekuja kuuliza maji, babu. Wazungu wa zamani walikuwa wanachota wapi maji ya mashine?"

Akaiweka kamba chini. "Hilo hajawahi kuniuliza mtu." Akanyoosha fimbo kuelekea korongo lililojaa miiba. "Bibi yangu alisema pale kulikuwa na dude linatwanga usiku kucha, kama wanawake mia wanatwanga mtama."

Dude hilo ni kinu cha nyundo: vyuma vizito vinavyopanda na kushuka vikisaga mawe. Kinu hakisagi bila maji, na injini ya mvuke haiendi bila kuni. Ndiyo maana kinu hukaa bondeni penye maji, hata kama shimo liko juu kilimani. Watu wanaweza kusahau shimo. Kelele za usiku kucha hawazisahau, na hata mjukuu anazirithi.

Maswali mengine yanayozaa: Babu yako alilipwa kwa fedha gani, kwa rupia au kwa shilingi? Kodi alilipa wapi? Wafanyakazi walitoka kabila gani, na walizikwa wapi? Kuna mahali panaitwa Mashineni, Kwa Mzungu, Kambini? Swali la rupia na shilingi ni la muhimu kuliko linavyoonekana. Akisema shilingi, huyo mzungu hakuwa wa enzi ya Mjerumani, maana rupia iliondoka baada ya Mwingereza kushika nchi. Kwa wazee wengi kila mzungu wa zamani ni Mjerumani, na mashimo mengi yanayoitwa ya Mjerumani ni ya miaka ya 1930.

Sababu ya miaka hiyo ni bei. Mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 kwa wakia hadi dola 35. Mashimo yaliyokuwa yametelekezwa yakaanza kulipa, na wachimbaji wakarudi kila mahali, Lupa kule Chunya, Musoma, Geita. Kisha bei ikakaa palepale, dola 35, kwa zaidi ya miaka thelathini, huku mishahara, mafuta na vyuma vikipanda. New Saza ya Chunya ilifungwa 1956, Geita 1966. Yaweke haya akilini: mgodi mwingi wa zamani ulifungwa kwa sababu hesabu iligoma, wala si kwa sababu dhahabu iliisha. Geita ilifunguliwa upya mwaka 2000 na leo ni miongoni mwa migodi mikubwa ya Afrika.

Tatu, makaratasi

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na hapa ndipo mgodi hupatikana.

Ukiwa Dar es Salaam, nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kuna majalada ya utawala wa Wajerumani na ya Waingereza. Utahitaji barua ya utambulisho na kibali cha utafiti, hivyo usiende asubuhi ukitegemea kusoma mchana. Nakala za wizara ya makoloni ya Ujerumani ziko Berlin, kwenye hifadhi ya taifa lao. Gazeti la walowezi la Dar es Salaam, lililochapishwa hadi 1916, *Deutsch-Ostafrikanische Zeitung*, limewekwa mtandaoni na maktaba ya Berlin, na kulisoma ni bure.

Huhitaji kujua Kijerumani chote. Jifunze maneno matano: *Gold* ni dhahabu, *Bergwerk* ni mgodi, *Schürffeld* ni eneo la utafutaji, *Schacht* ni shimo la wima, *Stollen* ni njia ya kuingia mlimani kwa ulalo. Kinachosumbua ni herufi zao za kale, ambazo s ya katikati ya neno inafanana na f. Wiki moja ya kujizoeza inatosha.

Kinachosumbua zaidi ni majina. Mgodi hauhami, jina ndilo linalohama. Wajerumani waliandika Muansa kwa Mwanza, Bagamojo kwa Bagamoyo, Udjidji kwa Ujiji, Schirati kwa Shirati. Kanuni ni nyepesi: j yao ni y yetu, dj ni j, sch ni sh, na ss mwanzoni mwa neno ni s tu. Mingine waliibatiza kabisa: Lushoto iliitwa Wilhelmstal, Tukuyu ikaitwa Neu-Langenburg, Kasanga ikaitwa Bismarckburg. Andika jina la kijiji chako kwa namna zote unazoweza kuzifikiria kabla hujasema hakimo.

Ramani nzuri ya wakati huo ni ile ya 1:300,000 iliyochorwa na Paul Sprigade na Max Moisel, yenye karatasi nyingi zinazofunika nchi nzima. Inaonyesha njia za misafara, visima, boma, mara nyingine na machimbo. Ilinganishe na picha za setilaiti kwa vitu visivyosogea: vilele, maungano ya mito, kingo za Bonde la Ufa. Barabara usiziamini, zimehama mara nyingi.

Halafu kuna ramani za kuuziwa. Utaletewa karatasi ya njano, imeunguzwa kingo, ina fuvu na msalaba. Kabla ya kulipa hata soda, tafuta neno Tanganyika. Nchi ilipewa jina hilo na Waingereza mwaka 1920. Ramani ya "1914" inayoiita nchi Tanganyika imechorwa na kijana mwenye simu. Na akikutajia zebaki nyekundu iliyofichwa na Wajerumani, ondoka hapo. Haipo. Inayouzwa ni njaa ya mnunuzi.

Nne, waulize mawe kama hadithi inawezekana

Hatua hii inaua hadithi nyingi kwa siku moja, tena ukiwa umekaa kwenye kiti.

Dhahabu ya miamba Tanzania haiko kila mahali. Nyingi imo kwenye mikanda ya miamba ya kijani, mabaki ya lava na matope ya bahari ya zamani mno, zaidi ya miaka bilioni 2.5, iliyokunjwa na kupondwa kati ya mawe makubwa ya itale (graniti). Mikanda hiyo imezunguka Ziwa Victoria: Geita na Sukumaland, Nzega, Musoma na Mara, na mmoja unashuka Iramba hadi Sekenke. Lupa ya Chunya ni miamba mingine, yenye umri mdogo kidogo, lakini imevunjwa na nyufa ndefu zilizopitisha maji ya moto yenye dhahabu.

Sasa chukua hadithi ya mgodi wa dhahabu Kilwa. Mji ulikuwa tajiri kweli. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu. Lakini utajiri ule ulikuwa wa biashara: dhahabu ilitoka nyanda za Zimbabwe, ikateremka Sofala, ikapanda jahazi. Chini ya Kilwa kuna matumbawe na mawe ya chokaa. Hata ukichimba mpaka Kiyama hupati mkanda. Hadithi za mapango ya dhahabu Kilimanjaro nazo ni hivyohivyo, maana ule ni mlima wa volkano changa.

Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, iko Dodoma na inauza ramani za jiolojia kwa vipande. Nunua kipande chako. Tafuta rangi ya miamba ya kijani, kisha tafuta mistari ya nyufa, kisha mahali miamba ya aina mbili inapokutana. Hadithi yako ikiangukia katikati ya itale tupu, kilomita nyingi kutoka mpaka wowote, nguvu zako zitunze kwa hadithi nyingine. Ikiangukia kwenye mpaka, funga mizigo.

Neno moja kuhusu majina ya mahali. Yanaweza kusaidia na yanaweza kupotosha. Kilimafeza, ndani ya Serengeti, ina jina la fedha, na kilichochimbwa pale ni dhahabu. Ila mpaka wa hifadhi ni mpaka. Usiingie na karai.

Tano, nenda ukatembee

Nenda mwishoni mwa kiangazi, majani yameungua na ardhi inaonekana. Pita kwanza serikali ya kijiji, useme umefuata nini. Mgeni anayezunguka vilimani na GPS bila kujitambulisha huitwa majina mabaya, na kuna mahali hayaishii kwenye majina.

Mjerumani au Mwingereza hakuchimba bila kuacha alama, lakini si zile za mishale. Mshale au msalaba uliochongwa kwenye jiwe mara nyingi ni alama ya mpima ardhi, na rundo la mawe kileleni ni kituo chake cha kupimia. Alama za mgodi ni chafu zaidi. Tafuta misingi ya zege yenye boliti zilizosimama. Tafuta vipande vya chupa nene, matofali ya kuchoma, reli nyembamba za vitoroli, tangi la mvuke lililoliwa na kutu. Tafuta hasa kijilima cha mchanga uliosagwa laini, wa kijivu au njano, ambacho hakioti majani hata baada ya masika kadhaa. Hayo ndiyo marudio ya kinu, na palipo na marudio, shimo haliko mbali.

Kule alikonionyesha yule babu, nilipita mara mbili bila kuona kitu. Mara ya tatu nilijikwaa. Kilichonikwaa kilikuwa boliti, nene kama kidole gumba, imesimama kwenye zege lililofunikwa na majani makavu, na mbele yake nyingine saba kwa mistari miwili. Nilikaa juu ya lile zege nikanywa maji yangu, kisha nikaanza kuangalia mlima kwa juu.

Kutoka kwenye kinu panda ukifuata mawe meupe, yale magumu yenye mng'ao wa kioo kilichochafuka. Mawe meupe matupu, safi kama sukari, mara nyingi hayana kitu. Yanayofaa yana kutu, matundu madogo ya mraba yaliyoachwa na madini ya chuma yaliyooza, mistari ya kijivu. Geita kuna kitu kingine cha kutazama: miamba yenye mistari myembamba myekundu na myeusi ya chuma, ambayo dhahabu hupenda kukaa humo.

Shimo ukiliona, usiingie. Nasema hivi nikijua wengi watasoma na kuingia. Matimba, yale magogo ya kushikilia kuta, ya miaka 90 yameoza hata yakionekana mazima. Hewa nzito hutulia chini, haina harufu, na anayeteremka kumwokoa wa kwanza hufia juu yake. Kuna maji, nyuki, nyoka. Piga picha kutoka mbali, chukua vipimo vya mahali, weka miiba mdomoni ili mbuzi na watoto wasitumbukie.

Sita, karai

Ushahidi wa mwisho unaoweza kuupata bila fedha nyingi ni wa korongoni. Dhahabu ni nzito, zaidi ya mara saba ya mchanga wa kawaida kwa ujazo uleule, kwa hiyo hukaa chini kabisa: nyuma ya jiwe kubwa, upande wa ndani wa kona ya korongo, kwenye nyufa za mwamba wa sakafu. Kwangua hapo. Jaza nusu karai, ondoa kokoto kwa mkono huku ukiziosha, zamisha karai majini na ulitikise kushoto na kulia hadi kila kizito kitulie. Kisha inamisha kidogo, acha maji yatoe mchanga mwepesi, rudia. Usiwe na haraka. Mchanga wa mwisho mwaga kijiko kwa kijiko. Utabaki na mkia wa mchanga mweusi wa chuma. Zungusha maji kidogo juu yake, taratibu, mchanga mweusi utasogea na dhahabu itachelewa nyuma.

Punje ikibaki, ipeleke kivulini. Dhahabu haizimi kivulini. Mika, yale magamba membamba yanayometameta, na madini ya chuma yanayong'aa huzima. Ibonyeze kwa ncha ya kisu: ikivunjika au kusagika siyo, ikibonyea ndiyo. Ukiwa na kioo cha kukuza, tazama kingo. Punje laini ya mviringo imesafiri mbali. Yenye makali na mikwaruzo, pengine bado imeshikilia kipande cha jiwe jeupe, imetoka karibu. Hesabu punje kila baada ya mita 50 ukipanda korongo. Zinaongezeka, zinaongezeka, kisha ghafla hamna. Rudi nyuma kidogo, angalia kuta zote mbili: mkanda wa mawe yenye dhahabu uko hapo au umeingia kutoka pembeni hapo.

Karai lililotumika kwenye marudio ya zamani lisirudi jikoni. Vinu vile vilinasa dhahabu kwa zebaki, na zebaki bado imo kwenye ule mchanga.

Mwisho, kabla hujapiga kelele

Kusanya sampuli za mawe kutoka sehemu tofauti, si lile moja zuri tu, kila moja kilo mbili tatu, kwenye mfuko wake wenye namba. Peleka maabara wapime kwa gramu kwa tani. Na ukiona dhahabu nzuri juu, uliza maji yako kina gani. Juu, hewa na mvua zimeozesha madini ya chuma na kuiachia dhahabu. Chini ya maji imefungwa ndani ya salfaidi (madini yenye salfa), na karasha, mashine ya kusaga mawe, na zebaki huambulia sehemu tu. Mashimo mengi ya zamani yaliishia hapohapo yalipokutana na maji.

Kisha fungua ramani ya leseni ya Tume ya Madini mtandaoni, ingiza vipimo vyako. Madini yote ni mali ya Jamhuri, hata ya kwenye shamba la baba yako. Leseni ya uchimbaji mdogo, PML, ni ya Mtanzania, haizidi hekta 10 kwa dhahabu, na mwenye ardhi lazima akubali kwa maandishi. Eneo likiwa jeupe, wahi kwa Afisa Madini Mkazi kabla hujamwambia hata shemeji. Likiwa na rangi, lina mwenyewe, na kilichobaki ni kumtafuta mkazungumze.

Langu lilikuwa na rangi. Mwenyewe alikuwa na leseni mwaka wa tatu, alikuwa akichimba upande wa pili wa mlima, na hakuwa akijua kwamba kinu kilikuwa korongoni. Tulikwenda pamoja kwa yule babu na kilo mbili za sukari, akaturudia tena habari ya wanawake mia na mtama.